Vitamini D ya mkupuo mafua yakianza: inasaidia kweli?

ZamuYaUsiku: Habari zenu wakuu. Nafanya kazi usiku, mchana nalala, jua nalionea dirishani tu. Mafua yakiniacha, kikohozi kinapokea. Mwenzangu kazini anasema nikianza tu kupiga chafya nimeze vitamini D yuniti 50,000 kwa mkupuo, eti kinga inapanda palepale. Anaapa inamfaa. Kuna ukweli hapo?

BiMfamasia: Mwanangu, mwenzako hajakosea kote. Kwanza hilo la dirishani: kioo huzuia karibu mionzi yote ya UVB, na ndiyo ngozi inayoihitaji kutengeneza vitamini D. Kwa hiyo hapo hupati kitu.

Ukishaipata, kwa jua au kwa kidonge, bado haijawa tayari. Ini huigeuza, na hiyo iliyotoka kwenye ini ndiyo inayopimwa kwenye damu. Figo huimalizia kwa ajili ya kalsiamu na mifupa. Wengi huishia hapo, kumbe seli za kinga nazo zinajimalizia zenyewe. Makrofaji, yaani seli ya kinga inayomeza wadudu, ikimgundua mdudu, huichukua ile ya kwenye damu, huigeuza humohumo ndani yake, kisha huanza kutoa katelisidini, kijiprotini kinachotoboa utando wa bakteria na hata wa virusi vyenye gamba la mafuta kama vya influenza. Kazi ya pili haisemwi sana, nami naiona kubwa zaidi: hutuliza kinga isipitilize, maana mara nyingi mapafu huharibiwa na vurugu za kinga yenyewe.

Sasa seli inachota kwenye akiba. Akiba ikiwa haba, itachota nini? Ikiwa inatosha, kumwagia zaidi hakuongezi askari.

Mwaka 2017 jarida la tiba la BMJ lilitoa uchambuzi wa majaribio 25, washiriki wapatao 11,000. Waliomeza kidogokidogo kila siku au kila wiki waliugua kidogo pungufu, hasa wenye upungufu mkali. Waliopewa mizigo mikubwa ya mara mojamoja hawakuipata faida hiyo. Majaribio yalivyoongezeka baadaye, hata hiyo faida ndogo imezidi kusinyaa. Na wakati wa UVIKO-19, kule Brazili wagonjwa waliolazwa walipewa yuniti 200,000 kwa mara moja. Siku za kulazwa hazikupungua. Mafua ya mwenzako yangeisha tu hata bila mkupuo.

Mdadisi: Lakini si ilisemekana mahututi wengi wa UVIKO walikutwa na vitamini D ya chini?

BiMfamasia: Walikutwa nayo, ndugu yangu. Ila ugonjwa mkali wenyewe hushusha kiwango hicho kwenye damu, na wazee, wanene na wasiotoka nje huwa nacho chini hata kabla ya kuugua. Kuvikuta pamoja hakuonyeshi kipi kimekileta kingine.

ZamuYaUsiku: Shikamoo Bi. Nilipima, karatasi imeandika 22. Nina hatari?

BiMfamasia: Marahaba. 22 ya nini? Soma herufi zilizo pembeni ya namba. Ikiwa ng/ml, hiyo ni sawa na nmol/l 55, na kwa mtu mzima mwenye afya wataalamu wengi huona inatosha. Ikiwa nmol/l, huo ni upungufu mkali. Mpelekee daktari akupangie dozi. Nimeona watu wakihangaika bure kwa kusoma namba bila herufi zake.

Mahitaji ya kawaida ya mtu mzima ni yuniti 600 kwa siku, 800 akivuka miaka 70, na bila usimamizi wa daktari usizidishe 4,000. Ikizidi muda mrefu, kalsiamu hupanda kwenye damu: kiu, choo kigumu, kukojoa ovyo, mwisho mawe ya figo.

Na hicho kikohozi kikishavuka wiki mbili, kapime makohozi. Hilo usilisubirishe vitamini.

ZamuYaUsiku: Ni nmol/l. Kesho nikitoka zamu napitia kwa daktari.

BiMfamasia: Beba na karatasi yako.