Amemwita Filbert Bayi Mkenya mbele ya watoto wetu, kisha akaniambia nikae chini

Wakuu, nimeingia nyumbani sasa hivi kutoka kwenye mbio za watoto hapa Mbeya, na mikono inanitetemeka kwa hasira, wala si kwa baridi. Yule bwana wa kipaza sauti mnamfahamu nyote, kwa maana kuanzia Tunduma hadi Makambako hakuna harusi wala mahafali ambayo hajayapasua masikio. Leo, wakati wa kugawa zawadi, amewaambia watoto wafuate nyayo za "Filbert Bayi, yule mkimbiaji maarufu wa Kenya". Nikanyoosha mkono kwa adabu, nikasema kwamba Bayi ni Mtanzania, mzaliwa wa Karatu. Akanijibu kwa kipaza sauti hichohicho: "Mzee, kaa chini, unatuchelewesha."

Nikae chini! Mimi niliyewatoa watoto Uyole kabla ya jua kuchomoza, nikawabana namba kifuani kwa pini mmoja baada ya mwingine, niambiwe nikae chini kwa kusema Bayi ni wetu!

Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, katika fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, Bayi alishika uongozi mapema, akawaachia wenzake mgongo wake wautazame, na hadi utepe hakuna aliyempita. Alitumia dakika 3:32.2, rekodi mpya ya dunia. John Walker, aliyekuwa akikimbia nyumbani kwao New Zealand, alimkaribia sana mwishoni na mwenyewe akawa chini ya rekodi ya zamani, lakini hakumfikia. Mkenya alikuwepo, naye ni Ben Jipcho, akamaliza wa tatu. Muda ule wa Bayi ulibaki kuwa rekodi ya michezo hiyo hadi 2022, yaani miaka 48, na huyu bwana anampa jirani kwa sentensi moja, kisha ananiambia mimi nikae chini.

Mwaka 1975 aliweka rekodi ya dunia ya maili huko Kingston, Jamaika, kwa 3:51.0. Mwaka 1976 Afrika ilisusia Olimpiki ya Montreal, tukakosa pambano lake na Walker ambalo dunia nzima ililisubiri. Mwaka 1980 akaleta fedha kutoka Moscow katika mita 3000 kuruka viunzi na maji. Bendera iliyopandishwa siku ile ilikuwa ya nani?

Kilichonichoma zaidi kilitokea ndani ya daladala. Binti mmoja wa darasa la tano, medali bado shingoni, aliniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, kwani Bayi si wetu? Mbona ulikaa?"

Nawasilisha.

Jibu la 1: Pole, mwalimu. Ila hujatueleza vizuri: kumbe ulikaa kweli?

Mleta uzi: Nilikaa, kwa sababu watoto walikuwa wananitazama na sikutaka waone watu wazima wakigombana.

Jibu la 2: Basi umemsaidia. Mimi ningebaki nimesimama mpaka jua lizame.

Jibu la 3: Sisi wa Iringa tuna uchungu mwingine. John Stephen Akhwari anatajwa tu kwa bandeji ya mguuni aliyomalizia nayo marathoni ya Olimpiki ya Mexico 1968, wakati mwaka 1970 alikuwa wa tano katika marathoni ya Madola huko Edinburgh. Hilo nalo halimkasirishi mtu?

Jibu la 4: Afadhali Akhwari anatajwa. Juma Ikangaa alishinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa 2:08:01 na kuwa wa pili Boston miaka mitatu mfululizo, lakini waulize vijana wa Mwanjelwa kama wanalijua jina lake.

Jibu la 5: Ndugu zangu, mbio hizohizo za leo, maji yaliisha kabla mwanangu hajafika katikati ya njia. Nani anahusika na maji?

Jibu la 6: Ninyi mmelalamikia maji, sisi wa Njombe hata medali hatujapewa. Tumeambiwa zinakuja kwa basi la kesho.