Gari la wagonjwa vijijini: tununue mwendo au tununue mkonga?

Ndugu zangu, hoja iliyo mezani ni hii: vituo vya afya vya vijijini vipewe gari la wagonjwa la aina gani? Upande mmoja unasema Land Cruiser mkonga, lile gumu lenye bomba la hewa lililopanda ubavuni, ni chuma cha kizamani, mlima linapanda kwa kuugulia, na mgonjwa mahututi hana muda wa kusubiri. Tununue magari mepesi yenye mwendo. Upande wa pili unasema mkonga au tusiongee. Mimi nimeendesha gari la kituo cha afya bonde la Kilombero, Morogoro, miaka 9. Niko upande wa mkonga, ila lipo jambo moja wenzangu wa upande huu hawataki kulisikia, nitalisema.

Tuanze na mwendo wenyewe. Kilomita 60 za lami, ukienda 80 ni dakika 45. Ukikanyaga 110 ni kama dakika 33. Umeokoa dakika 12, na hapo hujakutana na lori, ng'ombe, wala kijiji chenye kibao cha 50. Sasa shika njia ya Malinyi kwenda Ifakara kupitia Lupiro wakati wa masika. Udongo mweusi wa mbugani ukilowa unaganda kwenye tairi mpaka kashata, yale meno ya tairi, haionekani, gari linakaa tumbo. Ukikaa tumbo saa nane usiku unasubiri trekta la mkulima mpaka kuche. Zile dakika 12 ziko wapi?

Kuna kipindi tuliletewa gari jipya, zuri, la chini, lina kiyoyozi. Aliyelichagua hakuwahi kutuuliza njia yetu ikoje. Masika ya kwanza tu likanasa, ndani kuna mama mwenye uchungu tangu mchana. Muuguzi alibana tochi kwa meno ili mikono yote miwili ibaki kwa mgonjwa. Mimi na shemeji wa yule mama tukachimba kwa jembe la kuazima, tukatandika matete chini ya tairi. Tulitoka baada ya saa mbili na nusu. Mama alipona. Mtoto hakupona. Tangu siku hiyo mtu akinitajia kasi ya gari, namwuliza: kasi ya wapi?

Mkonga uliozoeleka una injini ya 1HZ: lita 4.2, silinda 6, haina turbo. Nguvu zake ni kama farasi 130 tu, ndiyo maana kwenye lami Noah inakupita. Lakini nguvu ya kuvuta inafika kilele kwenye mizunguko 2,200 kwa dakika, yaani chini kabisa. Kwenye tope huna haja ya kukanyaga mafuta. Unashuka, unapiga goti majini, unazungusha habu za mbele kwa mkono mpaka zifunge, ili magurudumu ya mbele nayo yavute. Unarudi ndani, unaweka gia nzito, namba mbili, unaachia klachi polepole, gari linatambaa lenyewe. Anayekanyaga kwa haraka anajichimbia shimo.

Ndugu mmoja kasema basi tuchukue V8, ina mwendo na ina nguvu. Sikatai. Land Cruiser 200 ya dizeli, yenye turbo mbili, inavuta zaidi ya mara mbili ya 1HZ: newtoni-mita 650 kwa 285. Tatizo ni dizeli tunayoijaza. EWURA, wasimamizi wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba (alama ya kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya uchakachuaji, lakini huku kwetu bado tunauziwa ya kwenye madumu, na dumu la masika halikosi maji. Mkonga ukiingiwa maji, nafungua kizibo chini ya chujio, namwaga, napiga pampu ya mkono, naondoka. Hizi injini mpya nozo zake, zile za kupulizia dizeli, zina matundu membamba mno na presha kali. Zikiharibika, gari linapakiwa juu ya lori kutafuta fundi mwenye kompyuta, na kituo kinabaki bila gari kwa wiki kadhaa.

Sasa lile jambo. Dada mmoja muuguzi ameandika kwamba mkonga unamrusha mama mjamzito kama gunia. Ni kweli, tusimbishie. Nyuma kuna springi za vyuma vya bapa, zimetengenezwa kubeba karibu tani nzima. Ukiweka mgonjwa mmoja na muuguzi haziinami, zinapiga. Mimi napunguza upepo wa tairi za nyuma na naenda taratibu barabara ikiwa na mawimbi kama mabati, lakini ukimya wa mgonjwa aliyeng'ata kanga ili asipige kelele nimeusikia mara nyingi. Anayenunua mkonga anunue na kitanda chenye magodoro ya maana na springi laini zaidi. Pia aajiri dereva anayejua kwamba gari lile ni refu kwenda juu, halikimbizwi kwenye kona hata king'ora kikiwa kinalia.

Wengine wanapendekeza kupokezana: mkonga umtoe mgonjwa kwenye tope, gari la mwendo limpokee lami inapoanzia. Tayari mfumo wa m-mama, ule wa kupiga 115, unatumia madereva wa kawaida wa mitaani kubeba wajawazito, kwa hiyo magari mepesi yana nafasi yake. Kwa mwenye mguu uliovunjika nakubali. Kwa anayevuja damu naogopa: kumhamisha kitanda usiku kando ya barabara kunakula muda, na gari la pili likichelewa umekwama naye pale.

Ningependa kuwasikia madereva na wauguzi waliowahi kupokezana hivyo. Mlikutana wapi, nani alimsubiri mwenzake, na mgonjwa alifika akiwa na hali gani?