Kwa nini maji hayapwi saa ileile kila siku?

mdadisi_wa_Tanga:
Wakuu, nataka kwenda mwambani kutazama kaa na konokono wa baharini. Leo maji yamekupwa saa nne asubuhi, kesho naambiwa ni karibu saa tano. Na wiki ijayo eti hayatakwenda mbali kabisa. Inakuwaje? Kuna namna ya kukadiria bila jedwali la kujaa na kupwa kwa maji?

bamvua:
Mwezi nao unasogea. Dunia ikimaliza mzunguko wa saa 24, inabidi iendelee kujizungusha kama dakika 50 ndipo iukute tena. Kwa hiyo maji hujaa na kupwa mara mbili katika saa 24 na dakika 50.

Hiyo 50 ni wastani tu, mkuu. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, uchelewaji hushuka hadi kama dakika 40. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, huweza kupita saa moja. Wengi hujumlisha 50 wiki nzima, kisha wanafika wanakuta maji ya kiuno.

Wiki ijayo ni maji mafu. Jua nalo huvuta bahari, kwa nguvu isiyofika nusu ya ile ya mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, nguvu hizo mbili hukaa mstari mmoja. Mwezi ukiwa nusu, zinapingana. Bamvua kubwa zaidi huja siku moja au mbili baada ya mpevu au mwandamo, si siku yenyewe.

nahodha_mstaafu:
Makadirio ya pwani yetu: siku za bamvua maji hupwa kati ya saa nne na saa tano, asubuhi na usiku. Anzia saa nne na nusu mwezi mosi, yaani siku ya kwanza baada ya mwezi kuandama, ongeza dakika 50 kila siku. Mwezi tano, yaani siku ya tano, utapata kama saa 7:50 mchana. Ukubali kukosea hata saa nzima, na jedwali likiwepo lifuate hilo. Humo tafuta siku ambayo kina cha kupwa kiko chini ya mita 0.5, kikiwa 1.3 usijisumbue.

bamvua:
Kurudi ndiko kwenye hatari. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Tuseme yanapanda mita 3.6 kwa saa sita: saa ya kwanza sentimita 30, ya pili 60, ya tatu 90, ya nne 90, ya tano 60, ya sita 30. Saa ya kwanza inakudanganya. Tena mkondo ulio kati ya mwamba na ufuo hujaa kwanza, nyuma yako, wakati pale uliposimama bado pakavu. Fika saa moja na nusu kabla ya kupwa, ukifuata maji yanavyotoka, na maji yakianza kugeuka nawe geuka. Vaa viatu vya soli ngumu.

mdadisi_wa_Tanga:
Na upepo unabadilisha?

nahodha_mstaafu:
Kidogo. Upepo mkali wa kusi ukisukuma maji ufuoni, hayashuki hadi kipimo cha jedwali. Ukitaka mwamba uonekane hadi ukingoni, ngoja bamvua za Machi au Septemba.