MREJESHO: Refraktomita na stripu kupishana kwenye SG ya mkojo

Niliuliza kwa nini SG (uzito wa mkojo ukilinganishwa na maji, wa kujua kama mchezaji ana maji ya kutosha mwilini) ya wachezaji inasoma 1.024 kwenye refraktomita (kifaa kinachopima kwa kupinda kwa mwanga) lakini 1.015 kwenye stripu (kijiti cha kuchovya kinachobadilika rangi). Asanteni sana wakuu. Kusawazisha kwa maji yaliyokenekwa hadi 1.000, kupangusa prizimu kila baada ya sampuli, na kuacha mkojo wa friji ufikie joto la chumba kumeondoa kuyumba kwa namba.

Pengo na stripu limepungua tu, halijaisha. Sampuli zinazopishana bado zina pH 7 kwenda juu, na mkojo wa alikali hushusha SG ya stripu, ukiongeza 0.005 kwenye namba ya stripu zinakaribiana. Mkojo mmoja una glukosi (sukari), ambayo hupandisha refraktomita, nimeuweka kando. Kikomo cha kuhesabu kuwa mchezaji ana maji ya kutosha kinabaki 1.020, kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi. Wa baada ya kugida maji msiuhangaikie kuupima.