Chungu chenye matundu kitakoni: nani wa kunifinyangia hapa Moshi?

Mpishi wa Pasua
Wakuu, habari za jioni. Mwaka 2018 nilikuwa Seoul kwa mafunzo. Siku ya mwisho wenzangu walikwenda kununua simu, mimi nikaingia makumbusho ya tteok, yaani vileja na keki zao za mchele. Nilidhani dakika kumi zingetosha. Nilitoka wanafunga milango.

Kinu na mchi vipo, kama vyetu. Ipo mihuri ya mbao ya kuchapa nakshi juu ya keki. Ila kilichonishika ni siru: chungu kipana chenye matundu kitakoni. Unakikalisha juu ya sufuria ya maji, unatandika kitambaa, unamwaga unga wa mchele uliolowanishwa kidogo tu, mvuke unaivisha kutoka chini. Vyombo vinapokutana wanaziba kwa unga uliokandwa, vilevile shangazi yangu wa Tanga anavyoziba sufuria ya biriani!

Sasa Jumapili nikachukua chungu cha bi mkubwa, nikatoboa kwa msumari na nyundo. Tundu la tatu, kikapasuka. Mpaka leo hanisemeshi. Nani anamjua mfinyanzi?

Binti Usangi
Pole, ila umejitakia 😄 Chungu kilichokwisha kuchomwa hakigongwi msumari. Matundu hutobolewa udongo ukiwa bado mbichi mbichi. Mtafute mama anayeuza vyungu vya Kipare, mchoree kwenye karatasi. Jiandae kuulizwa: chungu kinachovuja cha kazi gani?

Kaka wa Majengo
Si ununue sufuria ya mvuke ya alumini yaishe?

Mpishi wa Pasua
Ninayo. Jasho la mfuniko linadondokea unga, juu panakuwa uji. Udongo unafyonza. Halafu nataka nijaribu songpyeon, zile keki za mchele za sikukuu yao ya mavuno, Chuseok. Zinapikwa juu ya majani ya msonobari, na misonobari huku mlimani haihesabiki.

Mama Happy
Mwanangu, ya Wakorea baadaye. Kwanza mrudishie mama yako chungu.

Mpishi wa Pasua
Mrejesho: nimempata mama mmoja pale Mbuyuni. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akauliza, "Matundu mangapi?" Nikasema saba. Nimebeba na kizima kimoja cha mtori. Bi mkubwa amekigonga gonga kwa kidole, amekipokea. Salamu bado.