Kauli ipi ya Riza Hawkeye iliyowagusa zaidi katika Fullmetal Alchemist: Brotherhood?

MtazamajiMgeni

Ndugu wadau, salaam. Nimemaliza kutazama sehemu zote 64 za mfululizo huu wa katuni za Kijapani (anime), na mhusika aliyekataa kunitoka akilini si wahusika wakuu, Edward na mdogo wake Alphonse, bali Luteni Riza Hawkeye, msaidizi wa Kanali Roy Mustang. Maneno yake ni machache, na mara nyingi ni majibu mafupi anayompa mkubwa wake, lakini hayapotei bure. Naomba mtaje kauli yake mnayoikumbuka na mueleze kwa nini. Kuna pia jambo linalonitatiza: askari aliyekubali kumpiga risasi kamanda wake ikibidi, tunamwitaje mtiifu? Wale ambao hawajamaliza kutazama wasiendelee kusoma, kwa sababu tutafichua mengi.

Kitabu_na_Kalamu

Jibu la jambo linalokutatiza limo katika kauli ninayoichagua mimi. Baada ya vita vya Ishval, ambamo jeshi lao liliwaangamiza watu wa Ishval, Mustang anamwomba amlinde mgongo, kisha anamfafanulia kwamba kumkabidhi mtu mgongo wako ni kumpa pia nafasi ya kukupiga risasi kwa nyuma, na kwamba akimwona ameiacha njia ya haki basi afanye hivyo kwa mkono wake mwenyewe. Anapomuuliza kama atamfuata, Riza anajibu kwamba akitaka, atamfuata hata motoni. Tukumbuke ni nani anayesema hayo. Siri ya alkemia ya moto (alkemia ni elimu ya kubadilisha vitu kuwa vingine), ambayo Mustang aliitumia kuwateketeza watu wa Ishval, ilikuwa imechorwa mgongoni mwa Riza na baba yake mzazi, na ni Riza aliyemwamini Mustang akamwonyesha. Vita vilipokwisha, akiwa anamzika mtoto wa Kiishval, alimwomba Mustang auchome mgongo huo ili asitokee mwingine wa kuisoma siri hiyo. Kwa hiyo anapokubali kumfuata, anajua fika kwamba sehemu ya deni lile ni lake, na bunduki anayoishika nyuma ya kamanda wake ni sehemu ya utiifu wenyewe. Aliyekuwa mdunguaji vitani hawezi kuahidi jambo kama hilo kwa mzaha.

Mama_Pili

Nakubaliana na ndugu aliyetangulia, ila mimi nachagua jibu lake kule kwenye njia za chini ya ardhi, Mustang anapotaka kumteketeza Envy, kiumbe asiye binadamu anayeweza kujigeuza umbo, aliyemuua rafiki yake Hughes. Riza anamwelekezea bastola kisogoni. Mustang anamuuliza atafanya nini baada ya kumuua yeye Mustang, naye Riza anajibu bila kupandisha sauti kwamba hana nia ya kubaki akiishi kwa raha peke yake, na kwamba vita vikiisha atatoweka duniani pamoja na alkemia ile inayowapa watu wazimu. Sauti haitetemeki, lakini mkono unatetemeka. Bila jibu hilo, bastola ile ingekuwa tishio tu.

Muda mfupi kabla ya hapo kuna kauli nyingine inayonichekesha kila mara. Envy anamjia akiwa amejigeuza umbo la Mustang, naye anamwambia kwamba wakiwa wawili tu, Kanali humwita Riza. Envy anaingia mtegoni na kujifichua, kumbe ulikuwa uongo mtupu.

Mvua_ya_Vuli

Mimi nachagua ile ya makaburini, siku ya mazishi ya Hughes. Mustang anavaa kofia yake na kusema kwamba mvua inanyesha, ilhali anga ni safi. Riza anashangaa, anamwambia hakuna mvua, kisha anaona chozi likishuka shavuni mwa Kanali, naye anakubali kwamba ni kweli, inanyesha, na wanarudi kwa sababu kumeanza kuwa baridi. Hamfariji wala hamuulizi kitu, anamsitiri tu. Inauma zaidi ukikumbuka kwamba ni Riza huyu huyu aliyemwambia zamani, mbele za watu, kwamba siku za mvua hana faida yoyote.

MtazamajiMgeni

Ahsanteni, mmenifungua macho. Na ile ya kwamba ameamriwa asife, hakuna aliyeichagua?

Kitabu_na_Kalamu

Niliiacha kwa kuwa huwa inatajwa peke yake, na ikitajwa hivyo inapungua nguvu. Irudishe nyuma hadi Lust, kiumbe wa aina moja na Envy, alipomfanya aamini kwamba Mustang ameshakufa: Riza alimmiminia risasi mpaka zikamwishia, akapiga magoti akilia, na akamwambia Alphonse amwache yeye, akimbie. Siku ile alikuwa ameshakata tamaa ya kuishi. Sasa mtazame akiwa sakafuni, shingo imekatwa, damu inamwagika, Mustang anashinikizwa afanye alkemia ya binadamu, ile iliyokatazwa, ili amwokoe, naye Riza anasema hatakufa kwa kuwa ameamriwa asife. Wakati huo huo macho yake yanamwonyesha Kanali kwamba juu ya dari kuna wenzao, na Mustang anauelewa ule mtazamo na kukataa. Baadaye, Mustang alipopofuka, Riza ndiye aliyemwelekeza wapi pa kuurusha moto.