Mliotembea kwa miguu mwambao wa Ziwa Albert, tupeane uzoefu

Mpanda Genge (Hoima)
Ndugu zangu, salaam. Njia ya kihistoria ya Samuel Baker, mpelelezi Mwingereza wa karne ya 19, na mkewe Florence inaanzia Gondokoro karibu na Juba, inapita Patiko na Maporomoko ya Murchison, inaishia juu ya ukingo unaotazama Ziwa Albert, upande wa Uganda. Jumla kama kilomita 805. Wageni wanaijua kuliko sisi, ilhali humu wamo watu waliokanyaga vipande vyake tangu utotoni kwa kutumwa tu na wazazi. Mimi nimeteremka genge, yaani ule ukingo mkali, kutoka Kigorobya kule juu hadi Kibiro, kijiji cha chumvi chini ziwani, nikapanda tena. Nyie je? Semeni maji, njia, chakula, watu. Picha tupu hatutaki.

Binti wa Kibiro
Kaka, hiyo ya Kigorobya kwetu si matembezi, ni njia ya sokoni. Mama zetu walipanda genge na chumvi kichwani kabla jua halijawa kali, wakarudi na muhogo na ndizi, maana kule chini kilimo hakuna. Chumvi yenyewe ni kazi ya wanawake. Unatandaza udongo mkavu juu ya ardhi yenye maji ya chumvi, ukishanyonya unaukwangua, unautia kwenye chungu chenye matundu chini, unamwagia maji. Yanayochuruzika ndiyo yanayochemshwa. Udongo uleule unarudi kwenye shamba la chumvi, na shamba hilo linatoka kwa mama kwenda kwa binti. Wachimbaji wa mambo ya kale wanasema kazi hii imeendelea pale kwa miaka isiyopungua 700. Piga hesabu mwenyewe, Baker alikuta njia ina umri gani.

Kwa atakayekwenda: kushuka ndiko kunakoua magoti, si kupanda. Beba maji tangu juu. Na usikanyage udongo uliotandazwa. Bibi mwenye shamba atakufukuza na fimbo, na mimi nitasimama upande wake.

Mzee wa Mwaloni (Butiaba)
Wanangu, tusidanganyane. Baker hakutembea mwambao huu. Aliliona ziwa tarehe 14 Machi 1864, yeye na mkewe wakiwa hoi kwa homa, wakapanda mitumbwi. Siku 13 hadi Magungo, pale Nile inapoingia ziwani, makasia mikononi mwa wenyeji. Anayetaka kufuata nyayo zake akodi mtumbwi, na ahakikishe una maboya ya kuvaa, kwa sababu ziwa hili likichafuka halina mswalie Mtume.

Ukija kwa miguu, shuka kutoka Biso, kule juu ya genge, asubuhi. Ukifika pale juu ya ukingo unaona ziwa lote na milima ya Kongo ng'ambo. Chini utapata samaki wa kukaanga na posho, yaani ugali, na Kiswahili kinatosha kabisa: mwaloni, pale wavuvi wanapotia nanga, kuna Wagungu, Waalur, Wakongo, sote tunaelewana kwa lugha hiyo. Bandari usiitafute. Maji yalipopanda mwanzoni mwa miaka ya 1960 yaliimaliza, na meli ya Robert Coryndon ikazama. Hata Hemingway, yule mwandishi Mmarekani, Januari 1954, ndege iliyokuja kumwokoa baada ya ajali ya kwanza ilishika moto hapa hapa ikijaribu kuruka.

Mnyoro wa Masindi
Mzee shikamoo. Naongeza: mnapoitangaza njia hii msiruke mwaka 1872. Baker alirudi akiwa mtumishi wa Khedive, mtawala wa Misri, akatangaza ufalme wetu wa Bunyoro ni mali ya Misri, Omukama (mfalme) Kabalega akakataa. Vita ikapigwa Masindi, Baker akachoma kituo chake mwenyewe, akakimbilia Foweira, kando ya Nile. Kipande hicho nimekitembea na wajomba zangu, na kwetu ni njia ya mtu aliyefukuzwa. Mabango yangeandika hivyo.

Wa Gulu
Na alipotoka hapo akaja kwetu Patiko. Ngome ilijengwa kwanza na wafanyabiashara wa watumwa, yeye akaichukua. Kutoka Gulu watu wengi huenda kwa bodaboda, ila mimi na wenzangu huwa tunatembea, barabara ya vumbi, watu wanakusalimu kila nyumba. Mawe yapo, mabaki ya maghala yapo. Jambo ambalo waongozaji wanalipita haraka: Florence mwenyewe aliuzwa mnadani kama mtumwa huko Vidin, Bulgaria ya leo, akiwa binti mdogo. Nikisimama ndani ya ngome ile namfikiria yeye zaidi kuliko mumewe.

Kijana wa Kaiso
Huku kwetu mwambao umebadilika, lami imefika kwa ajili ya mafuta. Kutembea kandokando ya malori sipendi hata kidogo. Afadhali njia za wavuvi, ingawa ziwa lilipojaa 2020 lilimeza nyingine.

Mgeni kutoka Arua
Hifadhini mtu anaruhusiwa kutembea peke yake?

Mpanda Genge (Hoima)
Hapana, dada. Ndani ya hifadhi ya Murchison ni lazima uwe na askari wa wanyamapori, tembo na nyati hawana utani. Lakini omba akupeleke kwa miguu kutoka chini ya maporomoko hadi juu, pale Nile inapojibana kwenye mwanya wa mita 7 hivi. Utalowa.

Mzee wa Mwaloni, nimekusikia kuhusu mitumbwi. Sasa aliyepita Butiaba hadi Wanseko, kule kaskazini mwa ziwa, kwa miguu mvua hizi atuambie njia ikoje, na wapi mtu anaweza kulala.